Paka anayelia usiku kucha haumwi, anataka dume

*Katika miji ya pwani kilio hicho husikika mwaka mzima. Kinamnyima usingizi mwenye nyumba, kinamchosha paka mwenyewe, na mara nyingi mwisho wake ni watoto wa paka wanaotupwa sokoni. Makala haya yanaeleza kinachotokea mwilini mwa paka jike, namna ya kumtunza siku hizo, na kwa nini ufumbuzi wa kudumu uko kwa daktari wa mifugo.*

Paka wa kijivu amejilaza kwenye mkeka, kisha ghafla anagaragara. Anajipindua, anasugua shavu kwenye mguu wa kiti, anainuka, anakwenda mpaka mlangoni na kulia. Si kile kilio cha njaa ambacho kila mwenye paka anakijua. Hiki ni kirefu na kizito, kinaanzia chini kooni na kupanda, na hakijaisha kingine kimeanza.

Ni nyumba ya ghorofa moja mtaa wa Kiponda, Mji Mkongwe wa Zanzibar, na hii ni siku ya tatu. Bibi mwenye nyumba ameshamkagua makucha, masikio na tumbo, hakuona jeraha. Dagaa waliochemshwa wamebaki sahanini. Jirani wa mbele ameshauliza mara mbili kupitia dirishani: "Shoga, huyo paka wako kapatwa na nini?"

Mjukuu, binti wa sekondari, anampapasa paka mgongoni karibu na mkia. Papo hapo mnyama anainamisha kifua, anabinua kiuno, mkia anausogeza pembeni, na miguu ya nyuma inakanyagakanyaga mahali pamoja. Bibi anageuza uso. Juu ya bati la jirani, shume mwenye sikio lililochanika amekaa, hana haraka.

Kabatini kuna vidonge vya panadol. Bibi anauliza kama nusu kidonge kingemtuliza.

Nia yake ni njema, lakini jibu ni hapana, tena hapana ya haraka. Kidonge kimoja cha parasetamoli, dawa iliyomo ndani ya panadol, kinaweza kumuua paka mzima. Ini la paka halina uwezo wa kuisaga dawa hiyo kama ini la binadamu. Damu yake hushindwa kubeba hewa, ufizi hugeuka rangi ya udongo, uso huvimba, na mnyama huanza kuhema kwa shida. Na paka huyu wa Kiponda hakuwa mgonjwa hata kidogo. Alikuwa kwenye joto.

> Kidonge kimoja cha parasetamoli kinaweza kumuua paka mzima. Paka aliye kwenye joto si mgonjwa, hahitaji dawa ya maumivu.

Huku kwetu hakuna msimu wa kupumzika

Paka jike huanza kupata joto akiwa na miezi sita hadi tisa. Wapo wanaoanza na miezi minne tu, wakati mwenye nyumba bado anawaona watoto. Vifuko vya mayai huanza kumwaga homoni ya estrojeni kwenye damu, na homoni hiyo ndiyo inayomsukuma paka alie, ajisugue, agaragare na kutafuta upenyo wa kutoka nje. Hana hiari katika hilo. Anayempiga kwa sababu ya kilio anamwadhibu kwa kazi ya mwili wake.

Joto moja huchukua wastani wa wiki moja. Wengine humaliza kwa siku mbili tatu, wengine hufika wiki mbili na kupita. Asipopandwa, homoni hushuka na paka hutulia. Lakini baada ya wiki moja au mbili hivi mambo huanza upya. Wenye paka wanaolalamika kwamba paka wao yuko kwenye joto kila wakati hawatii chumvi.

Vitabu vingi vya kufuga paka vimeandikwa Ulaya na Marekani, na kuna jambo moja ambalo msomaji wa Tanga au Lamu hatalikuta humo likimhusu yeye. Mzunguko wa paka unaongozwa na urefu wa mchana. Mwanga wa saa 12 hadi 14 kwa siku unatosha kuuambia ubongo kwamba wakati wa kuzaa umefika. London, mchana wa Desemba haufiki saa nane na wa Juni unapita saa 16. Ndiyo maana paka wa huko, hasa wasiokaa chini ya taa, hupumzika kuanzia mwishoni mwa mwaka hadi siku zianze kurefuka.

Huku kwetu siku hazirefuki. Dar es Salaam, tofauti kati ya mchana mrefu kuliko yote na mfupi kuliko yote haifiki saa moja. Lamu, iliyo takriban nyuzi mbili tu kusini mwa ikweta, haifiki hata nusu saa. Ongeza taa ya sebuleni inayowaka mpaka saa tano za usiku. Mwili wa paka wa pwani hauna msimu wa kupumzika, Januari mpaka Desemba.

Kwa nini usiku mmoja unatosha

Ng'ombe na mbuzi hupevusha mayai yao kwa ratiba, dume awepo asiwepo. Paka sivyo. Mayai yake hukomaa na kungoja, na kwa kawaida hayashuki mpaka apandwe. Kiungo cha dume kina vijiba vidogo vinavyoelekea nyuma, na msuguo wake ndio unaopeleka taarifa ubongoni ili homoni ya kushusha mayai imwagwe. Baada ya siku moja au mbili mayai hushuka.

Hapo ndipo penye maelezo ya ule ukelele mkali unaoamsha mtaa, na yale makofi ambayo jike humpiga dume mara tu anapomwachia. Mara nyingi kupandwa mara moja hakutoshi, kwa hiyo ndani ya saa chache watarudiana tena na tena, na si lazima liwe dume lile lile. Uzao mmoja wa paka unaweza kuwa na baba wawili au watatu. Wanaoshangaa paka wao kuzaa mmoja wa manjano, mmoja mweusi na mmoja wa mabaka, mara nyingine jibu ni hilo.

Kwa mwenye nyumba maana yake ni rahisi. Paka anayeponyoka usiku mmoja wakati wa joto ana kila nafasi ya kurudi na mimba. Ataibeba kwa siku 63 hadi 65 hivi, yaani wiki tisa. Atazaa watoto watatu, wanne, pengine sita. Na anaweza kupata joto jingine wiki chache tu baada ya kuzaa, huku wale wa kwanza bado wananyonya.

Joto, au ugonjwa?

Mbwa jike akiwa kwenye joto hutoka damu. Paka hatoki. Hili ni la kukumbuka kuliko yote, kwa sababu watu wengi huongozwa na wanachokijua kwa mbwa. Ukiona damu au usaha chini ya mkia wa paka, hilo si joto, ni jambo la kumpeleka kwa daktari siku hiyo hiyo.

Ugonjwa wa kuogopwa zaidi ni usaha kwenye mfuko wa uzazi. Kwa kawaida huja wiki kadhaa baada ya joto kupita, wakati mwenye nyumba ameshasahau. Paka huzubaa, hukataa chakula, hunywa maji kupita kawaida, tumbo huvimba. Wakati mwingine usaha hutoka, wakati mwingine hubaki ndani na mwenye paka haoni kitu. Bila matibabu ya haraka, ambayo mara nyingi ni upasuaji, paka hufa.

Kurusha mkojo ukutani au kwenye pazia ni sehemu ya joto. Kuchuchumaa kila mara bila mkojo kutoka ni ugonjwa. Kula kidogo kwa siku kadhaa ni kawaida ya joto, lakini kutokula kabisa kwa siku mbili si kawaida, kwa maana paka asiyekula huharibika ini haraka kuliko wanyama wengine wa nyumbani.

Namna ya kuivuka wiki hiyo

Kazi ya kwanza ni kumzuia asitoke, na nyumba za pwani hazikujengwa kwa kazi hiyo. Nondo za dirisha hazimzuii paka, anapita katikati yake bila kujikwaruza. Wavu wa mbu anaupasua kwa makucha. Ua ulio wazi juu ni barabara kuu. Chagua chumba kimoja chenye dirisha linaloweza kufungwa na bado hewa ikapita, au weka wavu wa chuma. Mwekee maji, chakula, matandiko na sanduku la mchanga mkavu, na uutoe uchafu kila siku. Waambie watoto na wageni kwamba mlango huo haubaki wazi.

Kisha mchoshe. Paka aliyekimbiza uzi au mpira wa karatasi kwa robo saa kabla ya kulala hulia kidogo kuliko aliyeshinda amefungiwa bila shughuli. Mpe chakula cha mwisho usiku, kabla nanyi hamjalala. Wengine hutulia wakiwekewa chupa ya maji ya uvuguvugu iliyozungushiwa kanga. Zima taa mapema chumbani mwake.

Kumpapasa kuna adabu yake. Kichwa, mashavu na chini ya kidevu humtuliza. Kiuno, karibu na mkia, humwamsha zaidi, kama yule binti wa Kiponda alivyojionea. Na wapo paka wasiotaka kuguswa kabisa siku hizo. Waache.

Mkojo aliourusha usafishe kwa sabuni na maji, kisha maji yenye siki. Hapa pana hatari mbili ambazo watu hawazijui. Dawa ya kung'arishia nguo yenye klorini ikikutana na mkojo hutoa hewa inayochoma mapafu, ya paka na yako. Na zile dawa za kuua vijidudu ambazo hugeuka nyeupe kama maziwa zikitiwa majini mara nyingi zina kemikali za jamii ya fenoli, ambazo ni sumu kwa paka. Anakanyaga sakafu iliyopigwa deki, anajilamba miguu, na sumu imeshaingia tumboni.

Usafishe na upande wa nje wa mlango pia. Shume wanaovutwa na kilio huacha alama zao hapo, na harufu hiyo humzidishia jike fadhaa.

Ushauri wa barazani

Dawa za mkato hazikosekani. Iliyoenea zaidi ni robo ya kidonge cha majira, kile wanachotumia kina mama kupanga uzazi, au sindano ya aina hiyo hiyo. Ni kweli homoni hizo zaweza kusimamisha joto kwa muda. Ni kweli pia kwamba zipo nchi ambako madaktari wa mifugo huandika dawa za namna hiyo kwa kipimo na kwa uangalizi. Lakini kipimo cha kubahatisha jikoni ni jambo jingine. Homoni hizo kwa paka huleta usaha kwenye mfuko wa uzazi, uvimbe wa matiti na kisukari. Anayempa paka vidonge vya majira ili aokoe gharama ya upasuaji anaweza kujikuta akiutafuta upasuaji huo huo usiku wa manane, paka akiwa mahututi.

Ushauri mwingine ni ule wa kumwachia azae mara moja ndipo afungwe kizazi, eti ili akamilike. Nimeusikia kwa watu wenye huruma ya dhati kwa wanyama, na haupaswi kuendelea kurudiwa. Hakuna faida yoyote ya kiafya ambayo paka anaipata kwa kuzaa. Kinyume chake ndicho kilichopimwa. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2005 ulionyesha kwamba paka waliofungwa kizazi kabla ya kutimiza miezi sita walikuwa na hatari ya kupata saratani ya matiti iliyo pungufu kwa asilimia 91 kuliko wasiofungwa. Na uvimbe wa matiti wa paka, kwa sehemu kubwa sana, huwa ni saratani inayosambaa.

> Hakuna faida yoyote ya kiafya ambayo paka anaipata kwa kuzaa "angalau mara moja".

Wanapoishia watoto

Nenda asubuhi soko la samaki la Feri, Dar es Salaam, au Malindi, Unguja, baada ya mnada kupungua. Chini ya meza za wapara samaki kuna paka wa kila umri. Wengi wamezaliwa hapo. Wengine waliletwa kwenye boksi au mfuko alfajiri, na aliyewaleta aliondoka moyo ukiwa mweupe, akiamini kwamba kwenye matumbo ya samaki paka hafi njaa.

Paka wa wiki tatu hali matumbo ya samaki. Anahitaji maziwa ya mama yake na joto la mwili wake. Akitenganishwa naye hafiki mbali.

Watafiti wa North Carolina, Marekani, waliofuatilia paka wasio na makazi walichapisha matokeo yao mwaka 2004. Kati ya watoto 169, walikufa au kutoweka 127 kabla ya kutimiza miezi sita. Ni robo tatu. Sababu kubwa iliyojulikana ilikuwa ajali na majeraha. Hiyo ni nchi yenye barabara zake na mbwa wake, si sokoni kwetu. Lakini hakuna sababu ya kudhani kwamba chini ya meza za Feri mambo ni mepesi zaidi.

Sheria nazo hazijanyamaza. Kenya ina Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, inayohesabu kumtelekeza mnyama katika hali ya kumtesa kuwa kosa. Tanzania Bara ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008. Sijamsikia mtu aliyefikishwa mahakamani kwa boksi la paka.

Kuna suala la afya ya watu pia. Kichaa cha mbwa hakibagui, paka naye hukipata na kukiambukiza kwa kung'ata na kukwaruza. Shume wanaopigana usiku kwa ajili ya jike mmoja hung'atana hasa. Mtoto anayejaribu kuwaamua hung'atwa pia. Kila joto linaloachwa liende zake mtaani lina ngono, vita na majeraha ndani yake.

Wauawe, waachwe, au wafungwe kizazi?

Hapa ndipo watu wa miji ya kale wanapogawanyika. Wapo wafanyabiashara na wenye migahawa waliochoshwa na mikojo, kelele na paka wanaorukia sahani za wateja. Baadhi yao husema waziwazi kwamba paka wa mtaani waondolewe kwa sumu. Kundi jingine halitaki waguswe kabisa. Paka hula panya, wanasema, na mji bila paka utatawaliwa na panya buku. Kuna na sauti ya wahifadhi, ambayo mijini husikika kidogo. Paka huwinda ndege na mijusi, na pembezoni mwa mapori jike aliye kwenye joto huweza kupandwa na paka pori, yule ambaye jamii yake ndiyo asili ya paka wote wa nyumbani, na damu ya paka pori ikaendelea kuchanganyika.

Hoja hizo zote zina ukweli, lakini sumu haina utetezi. Humuua paka polepole na kwa mateso, humuua pia kunguru anayemla, na mbwa, na kuku wa jirani. Na haiponyi hata kile kilicholalamikiwa. Eneo lenye chakula likibaki wazi, paka wengine huhamia, hupata joto, na baada ya miezi michache wako wengi kama kwanza.

Lamu imejaribu njia nyingine. Mji huo, uliomo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2001, unajulikana kwa punda na paka. Punda walipata hospitali yao mwaka 1987, shirika la The Donkey Sanctuary lilipoanza kazi kisiwani. Paka nao wana kliniki ya Lamu Animal Welfare Clinic, ambayo hukamata paka wa mtaani, huwafunga kizazi, na kuwarudisha pale walipotolewa. Desturi ya kazi hiyo duniani ni kukata ncha ndogo ya sikio la paka akiwa bado usingizini, ili asikamatwe na kupasuliwa mara ya pili. Paka mwenye sikio hilo anabaki mtaani, anaendelea kuwinda panya, lakini halii usiku wala haongezi idadi.

Wanaopinga husema kumrudisha paka mtaani ni kumrudishia taabu. Nawaelewa. Lakini paka asiyebeba mimba tatu kwa mwaka ana taabu ndogo kuliko mama yake aliyekuwa akizibeba, na nyumba za kuwapokea wote hazipo.

Kwa Waislamu, ambao ndio wengi katika miji hii, swali la kwanza mara nyingi si la fedha. Paka ana heshima yake katika dini, si najisi, anakunywa chomboni na watu wanatawadha, na kumfungia bila chakula ni dhambi ambayo kila mtoto wa chuoni amesimuliwa. Je, kumfunga kizazi si kubadili maumbile? Wapo masheikh wanaokataza. Wapo wanaoruhusu pale penye haja, madhara ya wingi wao yakionekana, na mnyama asiteswe katika upasuaji wenyewe. Mwenye shaka amuulize sheikh anayemwamini, na amweleze mambo yote mawili, kisu cha daktari na boksi la sokoni.

Kinachofanyika kwa daktari

Umri mzuri ni miezi minne hadi mitano, kabla ya joto la kwanza. Paka hupigwa nusu kaputi, tumbo hunyolewa, na kupitia mpasuko mdogo daktari huondoa vifuko vya mayai, mara nyingi pamoja na mfuko wa uzazi. Kwa daktari mzoefu si kazi ya saa nzima. Wengi hurudi nyumbani siku hiyo hiyo.

Paka mkubwa huachishwa chakula usiku wa kuamkia upasuaji. Mdogo hafungi muda mrefu, kwa hiyo fuata saa utakazopewa na daktari. Akirudi, awekwe mahali pakavu na pa joto, asirukie kabati, asilambe kidonda. Nyuzi zisizoyeyuka hutolewa baada ya siku 10 hadi 14. Chakula kipunguzwe kidogo miezi inayofuata, kwa sababu paka aliyefungwa kizazi hunenepa upesi.

Akiwa kwenye joto anaweza kupasuliwa pia, ila wakati huo mishipa ya damu ya uzazi imejaa, na madaktari wengi hupendelea kungoja atulie. Wiki ya kutulia ndiyo ya kwenda. Usingoje joto lijalo.

Dume naye asisahauliwe. Upasuaji wake ni mfupi na rahisi zaidi, na shume aliyehasiwa hupigana kidogo na haachi ile harufu kali milangoni. Atengwe na majike kwa wiki kama sita baada ya hapo, maana mbegu zilizobaki bado zina nguvu.

Nani alipe?

Kizuizi kikubwa ni fedha, na sitaki kukipitia juujuu. Paka wengi wa nyumbani hawakununuliwa, walipewa na jirani au waliingia wenyewe. Mwenye nyumba anayehesabu nauli ya daladala hadi Jumamosi anapotajiwa bei ya upasuaji, huona ni mzaha. Tena madaktari wetu wa mifugo, kama jina lao linavyosema, wamesambazwa kwa ajili ya ng'ombe, mbuzi na kuku. Wenye vifaa na mazoea ya kumpasua paka hukutwa zaidi katika miji mikubwa.

Kwa hiyo si haki kumwachia bibi wa Kiponda mzigo huu peke yake. Hoteli na migahawa ya Mji Mkongwe na Lamu, ambayo mabaki yake ndiyo yanayowalisha paka na ambayo wageni wake huwapiga picha, ina deni hapa. Halmashauri na kaunti nazo zina njia iliyo tayari. Kila mwaka Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, tarehe 28 Septemba, huambatana na kampeni za kuchanja mbwa. Madaktari wapo, meza zipo, watu wameitwa. Kampeni hizo zipokee na paka, wachanjwe, na majike waandikishwe kufungwa kizazi kwa bei iliyopunguzwa, au bure kwa wasio na uwezo. Gharama ya kumchanja paka mmoja ni ndogo kuliko ya kumtibu mtu mmoja aliyeng'atwa.

Nawe msomaji, kama una paka jike aliyefika miezi minne, mtafute daktari wa mifugo aliyesajiliwa wiki hii na uulize mambo matatu: bei, siku, na kama anakubali kulipwa kwa awamu. Majirani wawili watatu wakienda pamoja, omba bei ya pamoja. Na kama ameshaanza kulia usiku huu, funga dirisha, mwekee maji, na vidonge vyako uvifungie kabatini.